Hotuba ya Kuwaaga Vijana Wanaokwenda Kutunza Wazee wa Nchi Rafiki

Mwenyekiti wa mkutano, ambaye ni mimi mwenyewe kwa sababu mwenyekiti amechelewa. Mgeni wa Heshima, ambaye pia ni mimi, kwa sababu aliyealikwa amenituma nimwakilishe. Naibu Mratibu, Bi Saida Abdulkarim. Wawakilishi wa wadi ya Kiuu, wa mtaa wa Kiandutu na wa kwingineko kunakostahili kutajwa. Maaskofu, mashehe, wachungaji na wale ambao bado wanatafuta kanisa la kuchunga. Wenye nyumba za kupangisha na wapangaji wenu, nikifurahi kuona mmekaa mbali mbali kwa amani. Bwana Mwas, mmiliki wa eneo hili la nyama choma la hapa Kamakis, aliyezima muziki kwa heshima yetu na kuniazima kreti za soda za kupandia juu ya lori hili la kanta. Akina cucu na akina guka, yaani bibi na babu zetu, mliokuja kwa ajili ya maonyesho na kwa ajili ya chai. Na zaidi ya wote nyinyi vijana mlioketi hapo mbele na mabegi yenu magotini, mkisubiri kusafiri. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na ile isiyozingatiwa ikichukuliwa kuwa imezingatiwa, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo!) Sijasikia upande wa mabegi. (Upande wa mabegi: Poa!)

Kwa wale wanaoniona kwa mara ya kwanza, na najua ni wachache kwa sababu picha yangu iko kwenye kila nguzo ya stima kuanzia Githurai hadi Thika mjini, mimi ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima Hesbon Maluki, Mratibu Mkuu wa Mpito wa Kitengo Maalum cha Nguvukazi ya Kesho, Ukanda wa Thika na Ruiru, cheo nilichopewa kwa muda mfupi tu wa kushikilia, na ambacho kwa neema ya Mungu na kwa kuongezewa mkataba nimekishikilia mpaka wajukuu wangu wamemaliza chuo. (Makofi machache. Bi Saida anatazama saa yake.)

Wananchi watukufu, nianze na takwimu, kwa sababu kiongozi asiye na takwimu ni mpiga domo tu. Utafiti wa kina ambao ofisi yangu iliufanya tukiwa tumeketi unaonyesha kwamba dunia inazeeka, na inazeeka kwa kasi ya asilimia saba nukta nne, na wikendi inazidi. Kuna nchi moja huko nje, ambayo kwa sababu za kidiplomasia siwezi kuitaja na kwa hivyo tutaiita Nchi Rafiki, ambako wazee wamekuwa wengi kuliko watoto, mpaka shule za chekechea zimegeuzwa kuwa kliniki za magoti, na mzee wa miaka themanini akitaka glasi ya maji inabidi amtume mzee wa miaka sabini na tisa. (Kicheko.) Msicheke, ni jambo la kuhuzunisha. Sasa angalieni hapa kwetu. Ukirusha jiwe pale Kiuu litampata kijana mwenye diploma, na akilikwepa litampata mwenye digrii aliyesimama nyuma yake. Wao wana wazee wasio na vijana, sisi tuna vijana wasio na kazi, na hata mtu aliyetoroka hesabu darasa la tatu anaona mara moja kwamba hapa kuna opportunity. Wataalamu huliita jambo hili demographic dividend, na kwa lugha nyepesi ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuielewa, ni ile dividend ambayo ni demographic. (Makofi.)

Ndiyo maana mimi, bila kusukumwa na mtu, nikiwa nyumbani kwangu naoga, nilibuni Kituo cha Kimataifa cha Kuandaa Wahudumu wa Wazee, chenye bawa la kwanza la kuwafunza vijana wanaosafiri, na bawa la pili la kuwalaza wazee wetu ambao vijana hao watawaacha nyuma, kila mzee na kitanda chake, kila kitanda na dirisha lake, na kila dirisha likiangalia upande wa mlima Ol Donyo Sabuk. Mradi huu umepitia feasibility, umepitia stakeholders, umepitia mezani kwangu mara nyingi kuliko chai, na leo, mbele yenu, unaingia katika hatua ya...

(Sauti kutoka upande wa mabegi: Mkubwa, ndege ni saa ngapi?)

Tutafika huko. Ndege ni jambo la utekelezaji, na mimi bado niko kwenye sera. Lakini ni nani huyo mwenye bidii? Simama wananchi wakuone. (Msichana mwenye begi jekundu anasimama: Naitwa Janice. Nilikuwa nashona mashati kiwandani hapo Ruiru. Ofisi yako ilituambia tuje leo tayari kwa safari, nikaacha kazi. Chumba changu cha Kiuu leo asubuhi ameingia mama mwingine na watoto wake. Nimekuja na begi langu na nimekuja na cucu yangu, juu ya vile mlisema atapata kitanda. Sasa nauliza tu, ndege ni saa ngapi?)

Makofi kwa Janice! (Makofi.) Makofi ya pili! Hiyo ndiyo inaitwa commitment. Kuna watu nimefanya kazi nao miaka mingi na hawajawahi kuacha hata kiti, seuze kazi. Na yule mwenye kiwanda akiuliza mshonaji wake amekwenda wapi, mwambieni hajapotea, amehama tu kutoka sekta ya shati hadi sekta ya mzee anayevaa shati, kwa sababu katika uchumi wa kisasa mfanyakazi huenda anakohitajika, na kama hajui anakohitajika, sisi tuko hapa kumwambia. Keti, Janice. Jibu lako liko ukurasa wa mbele zaidi.

(Sauti ya bibi mzee: Na mimi?)

Huyo ni nani? (Janice: Ndiye cucu yangu, Wakonyo.) Cucu Wakonyo, karibu sana. (Wakonyo: Nimekaribia saa hizi zote. Huyu mtoto ndiye ananiamsha, ananiosha, ananipikia. Akienda, nitabaki na nani?) Cucu, nashukuru kwa swali hilo, kwa sababu sera imekufikiria kabla wewe hujajifikiria. Kuna kitu kinaitwa Mzunguko wa Huduma. Janice akienda kumtunza cucu wa Nchi Rafiki, pengo lake hapa litajazwa na kijana mhamiaji kutoka nchi nyingine yenye shida kuliko zetu. Kijana huyo naye bila shaka ana nyanya kwao, kwa hivyo nyanya huyo ataletewa kijana kutoka nchi yenye shida zaidi, na huyo vilevile, na huyo vilevile, wote wakipanda daraja, mpaka mzunguko ukamilike pale ambapo nchi ya mwisho kabisa itapokea vijana wake kutoka Nchi Rafiki. (Sauti: Si umesema huko hakuna vijana?) Ndiyo maana tukauita mzunguko.

(Wakonyo: Huyo mgeni atanielewa nikimwambia mgongo unauma?) Atafanyiwa capacity building. (Wakonyo: Atajua kwamba silali na mlango wazi?) Hilo limo ndani ya framework. (Wakonyo: Haiya! Nitafia kwa hiyo framework.) (Kicheko kirefu. Mwas, mwenye eneo, anacheka mpaka anaangusha kisu cha kukatia nyama.)

Cheka, Mwas, lakini fanya pole pole. Nasikia kuna watu wanaonung'unika vibandani kwamba tukiwaruhusu wageni watatujaa. Jamani! Nani hapa si mgeni? Babu yangu alivuka mto akaja Thika kuvuna mananasi kwa wiki moja, na hiyo wiki mpaka leo haijaisha. Familia ya Bi Saida hapa iliingia Thika kufanya biashara na mizigo ya punda kabla baba zenu hawajajua soksi. Ruiru yote ni watu waliokuja kukaa kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naongezea: mwenyeji naye aende, huko nako wapone. (Makofi ya kweli, ya kwanza siku hiyo.) Asanteni. Hilo sikuwa nimeliandika.

Kuna uvumi mwingine, ambao umeniumiza moyo, kwamba wazee wamekalia viti vya vijana ndani ya ofisi. Sijui unamlenga nani. Mimi mwaka huu nimetimiza miaka hamsini na tisa kwa mara ya tano, na kila mara nimetimiza kwa unyenyekevu. Kuhusu vijana, nani anawainua kuliko mimi? Mtazameni naibu wangu, Bi Saida, msichana mdogo wa miaka hamsini na nne, ambaye nimemlea, nimemnoa, nimembebesha mafaili yangu yote, na ambaye siku moja, muda ukifika, na muda nimeshauambia usiwe na haraka, ataweza hata kushika hiki kipaza sauti. (Bi Saida, kwa sauti ya chini: Mungu yupo.) Amina. Anaomba sana huyu.

Sasa kabla ya maswali ambayo hayataruhusiwa, tutashuhudia maonyesho ya kumnyanyua mzee kitandani kwa mbinu za kimataifa. Kitanda kileteni hapo mbele. (Meza ya kukatia nyama inaletwa, imetandikwa shuka. Bibi mmoja analazwa juu yake, anafunikwa blanketi hadi kichwani.) Blanketi ni la kuigiza baridi ya Nchi Rafiki. Na kijana wetu wa kwanza ni Kaloki, kutoka upande wa mashariki ya Thika, mwanamume mwenye mabega mapana, ameacha kazi ya kubeba mawe kwa ajili ya taifa. Kaloki, funua blanketi, msalimie mteja kwa tabasamu, pitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti.

(Kaloki anafunua blanketi. Anapiga yowe. Bibi naye anapiga yowe, anavuta blanketi ajifunike uso. Kaloki anageuka, anaruka benchi, anakimbilia upande wa zizi la mbuzi.)

Kaloki! Kuna nini? Mzee hang'ati! (Sauti kutoka ndani ya zizi: Ni mama mkwe! Ni mama yake Katunge!) Woiye. (Bibi, kutoka ndani ya blanketi: Mimi Kaveke niliambiwa ni kulala tu ninywe chai! Sikuambiwa nitashikwa magoti na bwana ya msichana wangu mbele ya umati!)

Wananchi, tulieni. Wale mnaocheka mkitoka upande wa Kiambu hamjui uzito wa jambo hili, na mimi kama Mkamba nimeshageuza uso tangu blanketi lilipofunuliwa, kama mnavyoona naongea nikiangalia ukuta. Kwetu mtu hukutana na mama mkwe wake njiani akaingia kichakani mpaka apite, sembuse kumkuta amelala. Huyu alikuwa amshike magoti! Ni mbuzi wa kuondoa aibu hiyo tu atakayewarudisha pamoja. Mwas, si uko na mbuzi hapo? (Mwas: Niko nao, lakini wameshaagizwa.) Basi tuseme wazi kwamba sera haikutazamia ukwe, na sera nzuri ni ile inayokubali kurekebishwa. Huko Nchi Rafiki kijana wetu atanyanyua wazee mchana kutwa bila kukutana na mkwe hata mmoja, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuhama. Mama Kaveke, chai yako inakuja. Kaloki, baki na mbuzi kwanza.

(Janice anasimama tena: Mheshimiwa, sitaki kukukosea heshima. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Lakini jua linaenda, na cucu hawezi kukaa kwa benchi siku mzima. Tuonyeshe tu hicho kitanda chake. Nikiona amelala, mimi nitasubiri ndege hata wiki.) (Upande wa mabegi: Eeeh! Onyesha!) (Msichana anayeitwa Shiko, aliyekaa karibu na Janice: Buda, si ufungue hilo pazia tuone hiyo center!)

Mnaona hamu hii? Ndiyo hamu niliyoikusudia, ingawa si kwa saa hii. Vizuri. Nyuma yangu, kama mlivyoona tangu mlipofika, kuna pazia la bluu lililofunika ukuta wote. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa yale niliyojiongezea mwenyewe kwa moyo wa kujitolea, ninalifunua rasmi jengo la Kituo cha Kimataifa cha (Mheshimiwa anavuta kamba. Pazia linaanguka. Ukutani kumechorwa mbuzi anayetabasamu, na maandishi: MWAS CHOMA BASE, MATUMBO NA SUPU MAPEMA.)

Hiki mnachokiona ni hali ya sasa. Kituo ni hali tarajiwa. Baina ya hali ya sasa na hali tarajiwa kuna kitu kinaitwa gap, na kazi ya serikali yoyote duniani ni kuitambua gap. Leo tumeitambua, tena wote pamoja, tena mchana. (Shiko: Ai! Yaani hakuna kitu?) Kuna ukuta, Shiko. Tusidharau ukuta. Miradi mingapi imeanza bila hata ukuta?

Na kwa kuwa naona baadhi yenu mmesimama, naomba niingie moja kwa moja kwenye shukrani, kwa sababu mtu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hakioni. Namshukuru Bwana Mwas kwa kutuazima ukuta, meza na harufu. Nawashukuru wakufunzi wa Kituo, ambao nafasi zao zitatangazwa. Namshukuru mkandarasi, ambaye angeshamaliza kujenga kama kungekuwa na kiwanja, na namshukuru mwenye kiwanja, ambaye alikataa mapema bila kutupotezea wakati. Nazishukuru nchi zote za dunia zenye wazee, kwa sababu moja kati yao ndiyo Nchi Rafiki, na mara tutakapokubaliana ni ipi tutaiandikia kuijulisha kwamba ni rafiki. Naishukuru ile ndege iliyopita hapo juu nikizungumza, mliiona wenyewe, na wale ambao hamjawahi kupanda mmepata picha. Na nawashukuru nyinyi vijana, mlioacha kazi, vyumba na wachumba kwa ajili ya jambo ambalo bado halijaanza, na nawaambia kwa dhati kwamba mmetupatia moyo sana wa kulianza.

Tufunge na wito wetu. Nikisema Nguvukazi, mseme Ya Kesho! Nguvukazi! (Upande wa mabegi wanafunga zipu za mabegi.) Nguvukazi! (Shiko: Ya leo italala wapi?) Nikisema Wazee, mseme Tutawabeba! Wazee! (Mama Kaveke, ndani ya blanketi: Msinibebe tena!) Asanteni sana, Mungu awabariki, mkutano umefungwa rasmi.

(Watu wanaondoka. Mwas anawasha muziki, kisha anaupunguza, maana kipaza sauti bado kinafanya kazi.)

Mwas! Mwas, zile kreti nilizopandia hapa kwenye kanta ziko wapi? (Mwas: Nimezichukua, boss. Wateja wa jioni wamefika, nahitaji soda.) Sasa mimi nashukaje? Hili lori liko juu. Magoti yangu hayapendi kurukaruka. Kijana mmoja aje, yeyote. Dereva? Dereva ameenda na nani? Shiko, mwanangu. (Shiko anaweka begi mgongoni, anatazama kando.) Hivi kweli, umati wote huu, hakuna hata mmoja?

(Janice anaweka begi jekundu chini. Anakuja.)

Mnaona? Nilijua. Vijana wetu wana maadili. (Janice: Weka mkono begani kwangu. Usiangalie chini. Keti kwanza hapo ukingoni. Haya, mguu wa kulia.) Ehe. Mikono yako iko imara, Janice. Bi Saida, liwekwe kwenye ripoti, huyu ni mhitimu wa kwanza wa Kituo. (Janice: Kituo gani, mheshimiwa? Hivi ndivyo namtoa cucu kitandani kila asubuhi.) Basi ni mhitimu wa nyumbani. Endelea, mbona umesimama? Nimening'inia.

(Janice: Mimi na cucu tunalala wapi leo?)

Hilo tutalizungumza nikifika chini. (Janice: Zungumza ukiwa hapo.) Janice, mwanangu, usinifanye hivi, damu inapanda kichwani. Mimi nikuambie nini? Unafikiri sijui hii shida yenu? Nina watoto wanne. Wote wako ng'ambo. Wa kwanza anaosha wazee wa watu, wa pili anawasukuma kwenye viti, wale wengine nao sijui, huwa wananipigia Krismasi wakisikia baridi. Nyumba yangu ina vyumba sita na nakaa peke yangu na mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mzee kuliko mimi. Usiku nikianguka bafuni nitakaa hapo mpaka Bi Saida alete mafaili. Kwa nini unaniangalia hivyo?

(Janice: Vyumba sita?)

Nilisema sita? Vitatu. Vingine ni stoo. (Wakonyo, kutoka benchi: Janice, nyanyua begi.) Subirini kwanza, hii haijapitia stakeholders. (Bi Saida anapanda kiti, ananyoosha mkono, anatwaa kipaza sauti kutoka mkononi mwa Mheshimiwa: Wote wenye mabegi na hamna pa kulala leo, nyumba ya Mheshimiwa iko hapo mbele, ng'ambo ya bypass, geti nyeusi. Mimi nimepeleka mafaili huko miaka mingi, nitawaonyesha. Cucu watangulie. Kaloki, toka kwa mbuzi, lakini upite kule nyuma mama mkwe wako asikuone.) (Makofi. Vigelegele.)

Bi Saida! Nani amekupa mamlaka? (Bi Saida: Muda umefika, Mheshimiwa. Umekuja wenyewe.) Jamani. Basi na mimi? Mnaondoka wote na mimi mnaniacha hapa juu, mguu mmoja hewani?

(Janice: Tukuache vipi, na ufunguo wa geti uko kwa mfuko yako? Haya guka, mguu wa kushoto sasa. Pole pole.)